Wakikuletea Chai

Mjukuu wangu ana tabia ya kuniwekea sinema za zamani za Waingereza kwenye televisheni Jumapili mchana, zile za hospitali, za rangi nyeusi na nyeupe. Anajua nazipenda. Asichojua ni kwa nini ninainuka kila muuguzi anapotokea na kikombe mkononi. Juzi akaniuliza, "Bibi, unaenda wapi tena, si ndiyo inakolea?" Nikamwambia naenda kuangalia maharage jikoni. Hakukuwa na maharage yoyote. Akanitazama kwa jicho la mtu anayejua kwamba anadanganywa, na mimi nikafurahi kidogo, maana kushuku ni urithi wa kwetu na nilidhani umeishia kwangu.

Urithi huo niliupata kwa mama. Yeye aliupata kwenye sinema.

Tulikuwa tukikaa Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uani nyuma, sisi chumba cha kwanza kushoto ukiingia. Baba alikuwa ameshafariki. Mimi niliajiriwa kwenye duka la umma la vitambaa, kazi ya kukaa nyuma ya meza na kuwaambia watu kwamba khanga zimekwisha. Hawakuniamini, na mara nyingi hawakukosea. Miaka ile vitu vyote vya maana vilikaa chini ya meza: sukari, sabuni, unga wa ngano. Mtu akikuambia hakuna, ulimtazama machoni. Akikuambia ipo, ulimtazama zaidi.

Mara moja kwa wiki, alasiri, jumba moja la sinema upande wa Mchafukoge lilikuwa na shoo ya wanawake peke yao. Mwanamume alikuwa mmoja tu, yule wa mashine huko juu, na huyo hatukumhesabu. Mabuibui yaliteremshwa mabegani, karanga zikatoka kwenye vikapu, watoto wa kunyonya wakapakatwa. Kwa kawaida ilionyeshwa ya Kihindi, yenye nyimbo na machozi. Lakini fedha za kigeni zilikuwa adimu na sinema mpya haziji, kwa hiyo wenye jumba walikuwa wakitoa makopo ya zamani stoo, na ndani ya makopo hayo mlikuwa na sinema za Waingereza za hospitali. Tuliziona mpaka tukajua mkanda utakatika wapi.

Wengine walinung'unika kwamba hakuna hata wimbo mmoja. Mama alizipenda kupita zote. "Kwenye za Kihindi mtu akiumia anaimba," alisema. "Hawa wakiumia wanakaza midomo. Hapo ndipo kuna jambo."

Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Aliyekuwa akimtafsiria ni shoga yake, jirani yetu wa chumba cha pili, mwanamke wa Kilimanjaro aliyesomeshwa na wamisionari na aliyekuwa akiuza vitunguu kwa jumla pale sokoni. Mama alimpenda lakini hakumwamini.

"Shoga, yule daktari amesema maneno chungu nzima. Wewe umeniambia anasema pole. Mengine umeyaweka wapi?"

"Ndiyo hayo hayo. Wazungu wanazunguka sana."

"Mh. Wanazunguka nini?"

Mwishowe akaachana na maneno, akawa anasoma macho na mikono. Hapo akawa hashindwi. Aligundua kwamba daktari mkali, anayefoka hadi wauguzi wanasimama wima kando ya vitanda, ndiye anayeponya, na yule mpole mwenye tabasamu ndiye anayeficha kitu. Aligundua kwamba ndugu akiitwa koridoni basi kuna neno, na kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kuambiwa, pengine asiambiwe kabisa. Wote wanaingia chumbani wakiwa wamepangusa nyuso, wanamwambia leo una rangi nzuri. Mama alikuwa akikasirika mpaka anatafuna ncha ya buibui. "Wanamfanya mtoto," alisema. "Mtu mzima, anakufa yeye, halafu wanaojua ni wengine."

La chai pia aliliona yeye kabla yetu sote. Mume ameketi koridoni, kofia mapajani. Matroni anakuja taratibu, na nyuma yake muuguzi kijana na kikombe juu ya kisahani.

"Basi," mama akasema, jumba zima likasikia. "Mkewe hayupo. Wameleta chai."

Na kweli. Yule bwana alipokea kikombe, matroni akafungua mdomo, na hata asiyejua Kiingereza alielewa. Tangu siku hiyo kila sinema ya hospitali tuliitazama kwa kungojea kikombe, na kila kilipotokea, wanawake wa Kariakoo na Ilala walipiga kelele kwa pamoja: "Usipokee, baba! Ukipokea tu yamekwisha!" Wengine walisimama kabisa. Yule bwana alipokea kila mara. Mama alilieleza jambo hili uani kwa wasiokwenda sinema: sisi tunalia kwanza, chai ya msiba inakuja baadaye, kwa wenzetu chai ndiyo inayokuja na habari.

Nimeishi miaka mingi nikisikia watu wakijiuliza kwa nini sinema hizo hazichoshi, wakati madaktari wake wamevaa kizamani na dawa zake hazitumiki tena. Mimi sioni ajabu. Kila mtu ataketi siku moja kando ya kitanda akiwatazama wanaoingia na kutoka, akijiuliza nani anajua nini. Dawa zinabadilika, lakini kule kutazamana hakujabadilika.

Zamu yetu ilifika. Mama akaanza kufunga khanga juu zaidi, karibu na kifua, na kukaa kwa kuegemea ukuta. Mjane akiota tumbo, nyumba ya wapangaji haikaliki. Uani walishamteua mwenye kosa: balozi wetu wa nyumba kumi, kwa kuwa alikuwa akipita jioni kuandikisha watu wa kwenda kulima shamba la tawi la chama, na kwetu alikaa kuliko kwingine. Nilimchunguza mzee wa watu kwa muda, mpaka viatu vyake nilivichunguza. Kumbe alikuwa akikaa kwetu kwa sababu kwetu kulikuwa na kiti.

Kisha asubuhi moja nikamkuta mama bafuni ameuma pindo la khanga, jasho linamtoka, na hakusikia nilipomwita. Nikajua hapo hapana mtoto. Niliogopa sana. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwita mama, na wa kumwamini pia sikuwa naye.

Hospitalini tukapewa daktari kijana. Alivyoingia tu, akapiga goti kidogo kama mtoto aliyelelewa vizuri. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu, huku akinibonyeza mkono. Kijana alikuwa akitabasamu, na meno yote nje.

Alimpima, akamwuliza hili na lile, akasema ni uvimbe, itabidi apasuliwe. Alisema kwa upole huku ameketi ukingoni mwa kitanda. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia nikamletee maji ya kunywa. Jagi lilikuwa pale pale, limejaa. Nilikwenda, lakini nilikwenda nikinung'unika moyoni, kwa kuwa nilikuwa na hakika daktari ndiye aliyemkonyeza anitoe. Niliporudi mama alikuwa amekubali kupasuliwa na daktari hatabasamu tena. Nikaliweka hilo akilini.

Siku mbili tatu kabla ya upasuaji akaitwa mjomba, kaka yake mama, muuza nazi wa sokoni. Akaitwa koridoni! Niliona kwa macho yangu daktari akimshika bega. Mjomba wetu alikuwa mtu wa maneno, anaweza kukuuzia nazi mbovu ukamshukuru, lakini siku hiyo alirudi kimya, midomo imemkauka.

"Shikamoo, mjomba. Amekuambia nini?"

"Marahaba. Hakuna. Mambo ya hospitali."

"Mambo gani?"

"Wewe mtoto, umekuwa polisi?"

Jioni sikula. Nilimfuata mpaka sokoni kwenye meza yake, nikamkalia hapo katikati ya nazi, mbele ya wateja wake, mpaka akanivuta pembeni na kunong'ona kwamba daktari amemwomba atoe damu, kwamba yeye sindano haziwezi tangu utotoni, na kwamba nikimwambia mtu yeyote hatanisamehe. Nilimtazama machoni. Nikamwamini nusu.

Siku ya upasuaji tuliketi kwenye benchi watatu: mimi, jirani yetu na mjomba, aliyekuwa na plasta mkononi na uso wa shahidi wa vita. Mama aliingizwa mapema. Milango ya chumba cha upasuaji, ile ya kusukuma, ilikwenda na kurudi, wakatoka wengine, yeye hatoki. Nilikuwa nikitazama nyuso za kila anayepita, na kila uso niliuona unaficha.

Ndipo akatokea sista wa wodi. Mwanamke mpana, gauni limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe, viatu vyeupe visivyo na sauti. Mkononi ana kikombe juu ya kisahani. Alikuwa akija kwangu moja kwa moja, taratibu, na nikaona kwamba ni chai ya maziwa. Miaka ile maziwa tuliyasikia kwa majirani. Lakini kilichonimaliza ni kisahani. Nani kwetu alikuwa akitumia kisahani?

"Pokea, dada," akasema.

Nilipiga ukelele ambao sikuwahi kujua kwamba ninao. Jirani yetu, ambaye sinema zote zile alizitafsiri kwa mdomo wake, akaweka mikono kichwani na kuteremka kutoka kwenye benchi mpaka sakafuni. "Mama wee, shoga yangu!" Mjomba akaanza kusoma dua ya msibani. Watu wa benchi la pili, ambao hawakutujua hata kidogo, wakainuka kutupa mkono wa pole, na mzee mmoja akauliza maziko ni saa ngapi. Sista alisimama katikati yetu na kikombe chake, anageuka huku na huku.

"Amekufa nani?"

"Si ndiyo unatuletea chai!" nikamwambia kwa hasira.

"Nimekuletea chai kwa kuwa wewe hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi! Nimekuona!"

Kabla hatujaelewana, milango ikafunguka, akatoka yule daktari kijana na tabasamu lake. Akasema uvimbe umetoka wote, mama anapumua vizuri, kinyama kimepelekwa kupimwa, tutajulishwa. Nilimkodolea macho mpaka akaacha kutabasamu. Hata hivyo sikutulia mpaka nilipomshika mama mguu na kuukuta una joto.

Alipopata nguvu tukamsimulia. Alicheka mikono yote miwili juu ya mshono, machozi yakimtoka, akituomba tunyamaze kwa kuwa anaumia. "Na hiyo chai nani aliinywa?"

"Mjomba," nikasema.

"Nilipungukiwa damu," mjomba akasema.

Kisha tukarudi nyumbani, na mashaka yangu yakarudi nyuma yetu. Siku ya kwenda kusikia majibu ya kinyama nilimsindikiza. Mlangoni mwa daktari akaniambia nikakae foleni ya dirisha la dawa, tutawahi kurudi. Nilikaa foleni nusu, nikarudi mbio, nikamkuta anatoka, anafunga vizuri ushungi. "Anasema nipumzike," akaniambia. "Na nile mboga za majani." Nilichungulia ndani. Daktari alikuwa dirishani, ametupa mgongo.

Basi nikajua wamemficha. Mgonjwa ameambiwa mboga za majani, kwa hiyo kuna ndugu aliyeambiwa neno lenyewe. Nikaanza na mjomba. Alikuwa akituletea nazi na samaki bila kuombwa, yeye ambaye zamani alimwuzia dada yake kwa bei ya mtaani. Akaapa kwa Mungu kwamba hajaitwa tena na mtu wala hajui lolote, ila dada yake amepasuliwa tumbo na yeye si jiwe. Nikaenda kwa jirani. Huyu alitoa sukari, kibaba kizima, sukari ambayo sisi wengine tuliipangia foleni ya duka la kaya tangu alfajiri tukarudi na vikapu vitupu. Mtu gani anatoa sukari bila sababu? "Ni mgonjwa," akanijibu, "ulitaka nimpe vitunguu?" Mama aliipokea ile sukari, akaitia kwenye kopo, akaliweka juu ya kabati na kupiga marufuku mtu kuligusa. Hata kopo nililishuku. Nilidhani jirani ameweka dawa ndani.

Mwisho nilikwenda kwa daktari peke yangu. Nilimwambia mimi ndiye mwanawe, wa pekee, na kama kuna neno aniambie mimi, si mjomba wala jirani. Alinisikiliza hadi mwisho. "Muulize mama yako," akasema. Nilitoka nikimlaani. Nimwulize mama! Mtu niliyekuwa nikihangaika asijue! Katika sinema zote tulizoziona mgonjwa ndiye asiyejua kitu, na kwa hiyo katika watu wote niliowashuku, mgonjwa hakuwamo.

Alipoweza kutembea akataka twende shoo ya wanawake. Tulikwenda sote watatu, tukamwekea mto mgongoni. Ilikuwa sinema ile ile ya bwana mwenye kofia mapajani. Kikombe kilipotokea jumba lote likanguruma, "Usipokee!" na jirani yetu akanguruma kuliko wote. Nilimgeukia mama ili nicheke naye. Alikuwa ametazama si yule bwana bali yule muuguzi kijana aliyebeba kikombe.

"Maskini binti," akasema. "Yeye ndiye mwenye kazi."

Nilidhani amechoka. Nikamwuliza kama mshono unamuuma, akasema hapana.

Haikupita wiki. Nilitoka kazini alasiri, siku ambayo tulikuwa tumefunga duka mapema kwa kuwa hakukuwa na cha kuuza. Wapangaji walikuwa uani, redio ya mtu ikisoma salamu. Chumbani kwetu mama amewasha jiko la mchina mlangoni, ameketi kwenye kibao, anakoroga sufuria. Nilimwambia aache, nitafanya mimi. Kwetu mtoto ndiye anayempikia mama chai. Tangu nianze kufikia jiko, mama hakuwahi kunipikia chai hata siku nilizougua.

"Kaa," akasema.

Nikakaa kwenye kiti cha balozi. Nikaona kopo limeshushwa kabatini, limefunguliwa. Nikaona amepata maziwa, sijui wapi. Akainuka akishika ukuta, akatoa kikombe cha wageni, kile chenye maua, na chini yake akaweka kisahani. Sikujua kwamba tuna kisahani. Labda alikiazima.

"Mama, mjomba amekuambia nini?"

"Mjomba wako hajui. Shoga hajui. Umewasumbua bure watu wa watu." Alimimina taratibu, bila kumwaga. "Yule kijana nilimwambia siku ile ile ya kwanza, ulipokwenda kuchota maji. Nilimwambia utakaloliona niambie mimi, na watu wangu usiwaite koridoni kuwanong'onezea. Mwanangu nitamwambia mwenyewe."

Nilitaka kusema kitu cha hasira. Nilitaka kumwambia kwamba daktari ni mtoto mdogo, kwamba kuna madaktari wakali wanaojua zaidi, tutafute mkali. Alisogea mpaka mbele yangu, amenyoosha mkono, kikombe kinagongana na kisahani kwa sauti ndogo. Mimi mikono nimeibana katikati ya magoti, na masikioni nasikia jumba zima la wanawake likipiga kelele.

"Pokea, mwanangu," akasema. "Mkono unachoka."

Nikapokea.